Nchi Iliyoitwa Tupu

Katika historia ya dunia ziko nchi zilizochukuliwa kwa vita, ziko zilizochukuliwa kwa mapatano, na ziko zilizonunuliwa kwa fedha. Lakini iko nchi moja, kubwa kiasi cha kuitwa bara, ambayo ilichukuliwa kwa njia ya nne. Ilichukuliwa kwa neno. Waliokuja walisema kwamba haikuwa na mwenyewe. Na kwa kuwa haikuwa na mwenyewe, hapakuwa na haja ya kutangaza vita, wala kuiomba, wala kuinunua. Nchi hiyo ni Australia, na watu waliokuwa wakikaa humo ni Waaborijini, pamoja na majirani zao wa visiwa vya Torres Strait vilivyo upande wa kaskazini. Katika insha hii nataka, msomaji, tulifuate neno hilo tangu lilipotamkwa mpaka lilipokanushwa, tuone lilifanya nini katika maisha ya watu hao.

Yafaa kwanza tujue nchi ilikuwaje. Waaborijini wamekaa Australia kwa zaidi ya miaka 50,000. Wazungu walipokuja kukaa mwishoni mwa karne ya 18, lugha zipatazo 250 zilikuwa zikisemwa huko, na kila watu walijua mipaka ya nchi yao: mto huu, kilima kile, mwamba fulani. Hawakujenga nyua wala hawakuandika hati. Mipaka yao ilihifadhiwa katika nyimbo, hadithi na ibada, na mtoto aliifundishwa kama wewe ulivyofundishwa majina ya jamaa zako. Mgeni aliyetaka kupita katika nchi ya wengine alipaswa kuomba ruhusa kwanza.

Hawakulima kwa plau, na kwa sababu hiyo Mzungu alidhani kwamba hawakuifanyia nchi kazi yoyote. Alikosea. Walichoma nyasi kwa majira na kwa mpango, ili majani mabichi yaote na kangaruu waje kulisha mahali palipowafaa wawindaji. Mahali paitwapo Budj Bim, katika jimbo la Victoria, watu wa Gunditjmara walichimba mifereji na kujenga kuta za mawe ili wanase na kuhifadhi mikunga, samaki wale warefu wafananao na nyoka. Kazi hiyo ilianza yapata miaka 6,600 iliyopita, yaani kabla ya piramidi za Misri kujengwa. Watu wafanyao kazi ya namna hiyo si wapita njia. Ni wenyeji walioijua ardhi yao na kuitunza.

Sasa na tuwatazame wageni. Nahodha James Cook, Mwingereza, alifika pwani ya mashariki ya Australia mwaka wa 1770. Alikuwa na maagizo ya Serikali yake. Maagizo hayo yalisema kwamba akikuta nchi yenye watu, achukue sehemu zifaazo kwa ridhaa ya wenyeji. Lakini akikuta nchi isiyokaliwa na watu, aichukue kwa jina la Mfalme. Basi Cook aliwaona watu kwa macho yake. Huko Botany Bay wanaume wawili walisimama ufukoni na mikuki yao, wakawazuia mabaharia wasishuke, wala hawakurudi nyuma mpaka walipopigwa risasi. Hata hivyo, tarehe 22 Agosti, juu ya kisiwa kidogo cha kaskazini, Cook alipandisha bendera na kutangaza kwamba pwani yote ya mashariki ilikuwa mali ya Mfalme George wa Tatu. Ridhaa ya wenyeji haikutafutwa. Nchi yenye watu ilitendewa kana kwamba haina watu.

Tarehe 26 Januari 1788 Gavana Arthur Phillip alipandisha bendera nyingine mahali ambapo sasa ni mji wa Sydney. Alikuja na merikebu 11, na ndani yake walikuwamo wafungwa zaidi ya 700. Uingereza ilikuwa imepoteza makoloni yake ya Marekani, ambako zamani ilizoea kuwapeleka wahalifu. Magereza yalijaa, na Serikali ikatafuta mahali pengine. Hivyo nchi ya watu ilifanywa gereza la watu wengine, na wenye nchi hawakuulizwa.

Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu hakuleta uponyaji. Katika mwezi wa Aprili 1789 ndui iliingia miongoni mwa wenyeji wa Sydney. Wanahistoria wangali wakibishana juu ya njia uliyoingilia ugonjwa huo, lakini juu ya matokeo yake hakuna ubishi. Waaborijini hawakuwahi kuugua ndui, na miili yao haikuwa na kinga. Maiti zilionekana katika mapango na kando ya maji. Gavana Phillip mwenyewe alikadiria kwamba nusu ya wenyeji wa sehemu ile walikufa. Katika ukoo wa Cadigal, ambao mji wa Sydney ulijengwa juu ya ardhi yao, iliripotiwa kwamba walisalia watu 3 tu.

Zingatia jambo hili, msomaji, maana ni moja ya siri za historia ya makoloni. Mara nyingi ugonjwa ulitangulia na mlowezi akafuata. Mlowezi alipofika bara alikuta watu wachache, wadhaifu, wenye misiba. Naye akasema kwamba nchi ni tupu kweli. Hakujua, au hakutaka kujua, kwamba utupu aliouona ulikuwa umefanywa jana.

Baada ya ndui wakaja kondoo. Viwanda vya nguo vya Uingereza vilihitaji sufu, na ardhi ya Australia yenye nyasi ilifaa sana kwa malisho. Katika miaka ya 1820 na 1830 walowezi walisambaa mbele kwa kasi wakiwa na maelfu ya kondoo. Kondoo walikula na kung'oa mimea ambayo wenyeji waliitegemea, kama ule mmea wa murnong, wenye viazi vitamu vidogo, ambao wanawake wa kusini waliuchimba kila siku kwa chakula cha watoto wao. Walikanyaga na kuchafua visima. Wanyama wa porini walikimbia. Mwenyeji mwenye njaa alipochukua kondoo mmoja aliitwa mwizi. Lakini yeye aliyechukua mto, malisho na kisima aliitwa mwanzilishi wa maendeleo.

Neno lile lilikuwa na madhara mengine yaliyofichika zaidi. Ikiwa nchi haina mwenyewe, mtu aipiganiaye si askari, bali ni mhalifu. Ndivyo alivyohesabiwa Pemulwuy, shujaa wa sehemu za Sydney, ambaye alipigana na walowezi kwa muda wa miaka 12, akichoma mashamba yao na kuwavizia. Alipouawa mwaka wa 1802, kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza. Hakuna mkataba wa amani uliofanywa baada yake, kwa kuwa hapakuwa na vita vilivyokubaliwa kuwa ni vita.

Katika kisiwa cha Tasmania mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka wa 1830 Gavana alikusanya zaidi ya wanaume 2,000, askari, walowezi na wafungwa, akawapanga katika mstari mrefu ili wawasake wenyeji kama wasakavyo wanyama. Mstari ule uliwakamata watu wawili tu, lakini ulionyesha nia. Baadaye mabaki ya watu wa kisiwa hicho, wapatao 200, walishawishiwa kujisalimisha, wakapelekwa Flinders Island. Huko walikufa kwa maradhi na kwa huzuni. Mwaka wa 1847 waliorudishwa Tasmania walikuwa 47. Kwa muda mrefu vitabu vilisema kwamba Waaborijini wa Tasmania walikwisha wote. Hilo nalo halikuwa kweli, maana wazao wao wako hata leo.

Si kwamba sheria ya Waingereza ililala siku zote. Mwaka wa 1838, mahali paitwapo Myall Creek, wachungaji waliwafunga kamba na kuwaua Waaborijini wasiopungua 28, wengi wao wakiwa wanawake, watoto na wazee. Wanaume 11 walishtakiwa, wakaachiliwa na baraza la kwanza. Lakini mwanasheria wa Serikali hakukubali kushindwa, na katika kesi ya pili 7 kati yao walihukumiwa na kunyongwa. Walowezi wengi walikasirika sana, si kwa ajili ya waliouawa, bali kwa ajili ya walionyongwa. Mauaji hayakukoma, yalifanywa kwa siri zaidi.

Je, hakuna Mzungu aliyekumbuka kwamba nchi yafaa inunuliwe? Alikuwako mmoja, jina lake John Batman, ingawa sababu yake haikuwa upendo wa haki. Mwaka wa 1835, karibu na mahali ambapo sasa ni Melbourne, alifanya mapatano na wazee wa Wurundjeri, akawapa mablanketi, visu, vioo, mashoka na unga, naye akadai kwamba amenunua eka 600,000. Ni vigumu kuamini kwamba wazee wale walielewa kuwa wanauza nchi ya babu zao kwa mablanketi. Lakini tazama jinsi Serikali ilivyojibu. Gavana Richard Bourke aliyafuta mapatano hayo. Hakuyafuta kwa sababu bei ilikuwa ya udanganyifu, bali kwa sababu ardhi yote ilikuwa mali ya Mfalme, na wenyeji hawakuwa na kitu cha kuuza. Hapo neno lile lilipata nguvu ya sheria mbele ya watu wote.

Waaborijini hawakukaa kimya. Tuchukue habari za Coranderrk, mahali palipo karibu na Melbourne. Mwaka wa 1863 mabaki ya watu wa Kulin, wakiongozwa na Simon Wonga na William Barak, walipata ardhi hapo. Walijenga nyumba, wakafuga, wakalima ngano na hopi, mmea ambao maua yake hutiwa katika bia. Walifanya yote ambayo Mzungu alisema kwamba hawawezi kuyafanya. Je, wakaachiwa shamba lao? La. Majirani waliitamani ardhi ile kwa sababu sasa ilikuwa nzuri. Barak na wenzake walitembea kwa miguu hadi Melbourne mara kwa mara kupeleka maombi yao kwa wakubwa, na mwaka wa 1881 tume iliundwa kuchunguza malalamiko yao. Lakini mwaka wa 1886 sheria mpya iliwafukuza kutoka katika makao hayo vijana wenye damu ya mchanganyiko, yaani nguvu ya kazi yenyewe. Shamba lilidhoofika, kisha ikasemwa kwamba Waaborijini hawajui kulima. Mwaka wa 1924 Coranderrk ilifungwa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ardhi yake iligawiwa kwa askari wazungu waliorudi kutoka vitani.

Jeraha lililo chungu kuliko yote lilikuwa lile la watoto. Kutoka yapata mwaka wa 1910 mpaka yapata 1970, serikali za majimbo na wamisionari waliwachukua watoto wa Kiaborijini, hasa wale wa mchanganyiko, wakawatenga na mama zao na kuwaweka katika makao ya watoto au katika nyumba za wazungu. Walikatazwa lugha yao, na wengi waliambiwa kwamba wazazi wao wamekufa au hawakuwataka. Taarifa rasmi iliyotolewa mwaka wa 1997 ilikadiria kwamba kati ya mtoto 1 katika kila 10 na mtoto 1 katika kila 3 wa Kiaborijini alichukuliwa hivyo. Waliofanya hayo walijiona wema. Walidhani kwamba watu hao watakwisha, na kwamba kilichobaki ni kuwayeyusha watoto wao katika taifa la wazungu. Lakini ikiwa mipaka ya nchi yahifadhiwa katika nyimbo, na mtoto anyang'anywe lugha ya nyimbo hizo, nchi imepotezewa shahidi. Tarehe 13 Februari 2008 Waziri Mkuu Kevin Rudd alisimama Bungeni na kuwaomba radhi watu hao kwa jina la taifa.

Sasa na tuone jinsi neno lile lilivyoanza kupingwa. Tarehe 26 Januari 1938, wakati wazungu waliposherehekea miaka 150 ya kufika kwa Phillip, Waaborijini walikutana Sydney na kuifanya siku hiyo kuwa siku ya kuomboleza, wakidai haki kamili za raia. Mwaka wa 1966 Vincent Lingiari, mzee wa watu wa Gurindji, aliwaongoza wachunga ng'ombe wapatao 200 pamoja na jamaa zao kuacha kazi katika shamba la Wave Hill. Wazungu walidhani kwamba wanadai mishahara tu. Kumbe walikuwa wakidai nchi yao, na kwa ajili hiyo walikaa miaka 9 katika vibanda vyao bila kurudi. Mwaka wa 1967 wapiga kura wa Australia, zaidi ya 90 kwa kila 100, walikubali Katiba ibadilishwe ili Waaborijini wahesabiwe pamoja na watu wengine katika hesabu ya taifa. Mwaka wa 1975 Waziri Mkuu Gough Whitlam alikwenda kwa Lingiari, akamimina udongo katika kiganja chake, kuwa ishara ya kurudishiwa sehemu ya ardhi.

Lakini sheria ilikuwa bado yasema kwamba mwaka wa 1788 nchi haikuwa na mwenyewe. Mtu aliyeivunja alikuwa mtunza bustani. Eddie Koiki Mabo alizaliwa katika kisiwa cha Mer, Torres Strait, na alikuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Townsville, ambacho, kwa ajabu ya mambo, chaitwa kwa jina la James Cook. Katika miaka ya 1970 alikuwa akizungumza na wanahistoria wawili wa chuo hicho juu ya shamba la ukoo wake kisiwani. Wakamwambia, kwa huruma, kwamba kwa sheria ardhi ile si yake, bali ni ya Serikali. Mabo alishangaa mno. Kila mtu wa Mer alijua mpaka wa shamba lake, na sheria ya mababu iliwakataza kabisa kutia mkono au mguu katika shamba la mwingine.

Mwaka wa 1982 Mabo na wenzake wanne walifungua mashtaka. Serikali ya jimbo la Queensland ilitunga sheria mwaka wa 1985 ya kuifuta haki yao yote, lakini Mahakama Kuu ya Australia iliibatilisha mwaka wa 1988. Kesi iliendelea kwa miaka 10. Tarehe 3 Juni 1992, majaji 6 kati ya 7 walikata shauri kwamba wenyeji walikuwa na haki yao ya ardhi kabla ya Mwingereza kufika, na kwamba bendera peke yake haikuifuta haki hiyo. Neno la miaka 204 lilianguka. Mabo hakuisikia hukumu. Alikuwa amekufa kwa kansa katika mwezi wa Januari mwaka uleule.

Usidhani, msomaji, kwamba hukumu hiyo ilirudisha kila kitu. Ardhi iliyokwisha kupewa wengine kwa hati haikurudi, na wenyeji wanaodai hutakiwa kuonyesha kwamba hawakuwahi kukatika na nchi yao. Basi fikiri ugumu wa jambo hilo kwa watu waliofukuzwa na kunyang'anywa watoto: waliokatwa kwa nguvu ndio watakiwao kuthibitisha kwamba hawakukatika. Katika hesabu ya mwaka wa 2021, watu 812,728 walijitaja kuwa Waaborijini au watu wa Torres Strait. Umri wao wa kuishi ni mfupi kuliko wa Waaustralia wengine kwa kadiri ya miaka 8, na zaidi ya thuluthi ya wafungwa wote wa Australia hutoka kwao. Mwaka wa 2023 lilitolewa shauri kwamba Katiba iwape baraza la kulishauri Bunge, na wapiga kura wengi wakalikataa.

Msomaji wa Kenya hataziona habari hizi kuwa ngeni kabisa. Sheria ya ardhi ya mwaka wa 1915 katika nchi hii iliihesabu hata ardhi iliyokaliwa na Waafrika kuwa mali ya Mfalme. Lakini iko tofauti kubwa: sisi tulibaki wengi katika nchi yetu, nao walifanywa wachache katika nchi yao. Ndiyo maana yatupasa kuzisoma habari zao kwa unyenyekevu, si kwa kujilinganisha tu.

Basi ukisoma katika kitabu chochote kwamba nchi fulani ilikuwa tupu, au kwamba fulani aliigundua, usipite upesi. Uliza ni nani aliyesimama ufukoni siku ile. Uliza mito iliitwaje kabla ya majina yaliyo katika ramani, na ni nani aliyepewa faida na neno hilo. Wanaume wawili wa Botany Bay hawakuacha maandishi, wala majina yao hayakuandikwa siku ile. Lakini mikuki yao ilisema wazi kwamba nchi ina wenyewe, na mahakama ya wale waliokuja ilichukua zaidi ya miaka 200 kukiri jambo hilo.